Jino la Kusingiziwa

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyetoka kupasuliwa uso, kila anayevuka kizingiti mwambie ukweli. Akitaka kusema nje, na aseme. Maneno ya watu hayaachi malengelenge.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, na binti yake, na jirani wa ghorofa ya juu. Binti si mtoto mdogo, ameshavuka hamsini, ni bibi wa watu. Miaka mingi alikaa meza ya mapokezi kwenye ofisi ya bima, mgeni akiingia uso wa kwanza ni wake. Akaja meneja mpya, akamhamishia chumba cha nyuma kwenye mafaili, na pale mbele akakaa msichana ambaye hata kupokea simu alikuwa bado anajifunza. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Alijijibu mwenyewe kwenye kioo, akachukua likizo yake yote, akaenda kukazwa ngozi ya uso. Ngozi inakatwa kuzunguka sikio, inainuliwa, inavutwa, inashonwa.

Mama alipoambiwa alijipapasa mashavu. Ile mikunjo ya pembeni mwa mdomo binti aliirithi kwake.

"Unakwenda kuitupa sura yangu," alisema.

"Natupa uzee, mama. Sura yako nakuachia mwenyewe, ikutoshe."

"Na watu wakiuliza?"

"Sema jino. Nimeng'olewa gego, shavu limevimba. Nani atakuja kunifungua mdomo ahesabu?"

Basi ikawa jino.

Aliporudi kutoka kliniki alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima kama mzigo wa kusafirishwa. Bandeji ilipotolewa ndipo mama alipoona kazi ilivyo. Uso umevimba huku na huku, macho yamebana, michubuko ya rangi ya zambarau inateremka shingoni. Daktari alisema uvimbe huo ni wa kawaida, ila upande mmoja ukijaa ghafla, ukakaza na kuuma, wasingoje kesho. Alisema pia alale kichwa juu. Basi binti akiteleza kwenye mito, mama anamshika makwapa anampandisha, na mgongo wa mama nao unalia. Asiiname, mama anamvalisha viatu. Asitafune, mama anachuja supu. Akitaka kuoga, mama. Akilia kwamba ameharibika, mama. Yeye mwenyewe alilala kwenye kiti kando ya kitanda, kichwa kikidondoka kifuani na kuamka, kikidondoka na kuamka, mpaka akawa hajui tena lini amelala na lini yuko macho.

Kuna jambo moja nesi wa kliniki alilisisitiza siku ya kutoa bandeji. Alimgusa binti shavuni kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Basi ngozi hii imekufa ganzi. Mashavu, masikio, chini ya kidevu, na itakaa hivyo wiki nyingi, pengine miezi. Kitu cha moto kisifike hapo. Si kitambaa, si chupa ya maji, si mashine ya kukaushia nywele. Ataungua na hana habari."

Mama aliitika. Siku ile aliitikia mambo mengi. Lakini hili aliliona kwa macho yake nyumbani, pale supu ilipomponyoka binti mdomoni ikamtiririka kidevuni mpaka kwenye ukosi wa gauni, naye anaendelea kuongea habari za mafaili kama hakuna kitu. Mama alimfuta haraka.

Jirani wa juu walimwita Kipaza. Sauti yake inashuka ngazi kabla yake, na habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshaenea jengo zima. Ndiye hasa aliyewafanya wafiche. Lakini ni mtu wa watu. Alifanya kazi ya udobi maisha yake yote, kuchemsha mashuka na kupiga pasi, na mgonjwa kwake ni mgonjwa, haulizi mara mbili. Alisikia jino, akaja.

"Hodi humu! Yuko wapi mwenye meno machache?"

Binti alivuta mtandio mpaka machoni. Mama akasimama mlangoni pa chumba, hajui azuie au aache.

"Shoga, wewe ndiye mgonjwa au yeye?" Kipaza alimtazama mama. "Macho yamekuingia ndani kama mashimo. Hebu toka hapo. Kaa jikoni upumue, mimi nitakaa naye. Nipe na chupa ya chai yenye maji moto, na bakuli."

Mama alidhani anataka kujitengenezea chai. Alimpa chupa, imejaa, maji yametoka kuchemka. Kweli alimpa kwa mkono wake mwenyewe. Akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akaegemeza kichwa ukutani, na ile raha ya kusikia mtu mwingine yuko na mgonjwa ikambembeleza. Alisinzia.

Chumbani Kipaza alimimina maji kwenye bakuli, akatia chumvi, akachovya taulo dogo, akalikamua. Mikono ya dobi imezoea moto. Alijaribu kwa kiganja chake, akaona ni vuguvugu.

"Jino halitaki ila moto," alisema. "Upande gani?"

Binti angesema nini? Akikataa, ataulizwa sababu. Akivua mtandio, ameumbuka. Alionyesha upande wa kulia, akashikilia mtandio usitoke.

"Si moto sana, mama mdogo?"

"Aa, vuguvugu tu. Kwani unakuchoma?"

Binti akasikiliza shavu lake. Halikumwambia kitu. Aliona uzito tu, kama mtu ameweka kiganja kwa upole. Akatikisa kichwa.

Kipaza akakanda juu ya mtandio. Akachovya, akakamua, akakanda tena, huku akimsimulia jinsi marehemu mumewe alivyong'olewa jino zima wakamwachia lile bovu. Binti alibana midomo asicheke, maana kicheko nacho kilikatazwa, akaona hilo ndilo gumu pekee alilo nalo.

"Mwanao jasiri huyu!" Kipaza alipaza sauti kuelekea jikoni. "Wenzake hapa wangeruka mpaka dirishani. Yeye katulia tu!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomwamsha mama. Katulia tu. Aliruka, kigoda kikaanguka. Aliingia chumbani akaona mvuke unapanda kutoka kwenye bakuli, mwingine unapanda shavuni kwa mwanawe. Alilivamia taulo kwa mikono miwili. Likamuunguza vidole, akalitupa chini.

"Toa! Toa mtandio!"

"Kuna nini?" Kipaza alishangaa. "Si jino?"

Binti alimtazama mama. Macho yale yalisema: usiseme. Na mama aliyaelewa vizuri, kwa sababu ndiye aliyemzaa. Uso ule binti aliungoja kwa hamu, akauvumilia, na sasa unaiva huku wenyewe wanatazamana.

"Hakuna jino!" mama alisema. "Amepasuliwa uso. Hasikii moto!"

Akauvuta mtandio. Mbele ya sikio nyuzi zilionekana, na chini yake ngozi imekuwa nyekundu, inang'aa, na lengelenge limeanza kuinuka.

Kipaza aliliweka bakuli chini. Akatazama viganja vyake. Halafu akamshika binti mkono mpaka bafuni, akachukua kikombe, akawa anammiminia maji ya bomba taratibu pale palipoungua, mama akimshika kichwa kisiiname. Kliniki ilipopigiwa simu, nesi alisema wasipake kitu chochote, si mafuta si dawa ya meno, wasiweke barafu, waendelee na maji ya kawaida kisha wamlete bila kungoja.

Daktari aliangalia kwa muda mrefu. "Ngozi iliyoinuliwa damu yake bado inatafuta njia," alisema. "Moto mdogo kwa ngozi nyingine, kwa hii ni mkubwa. Mngechelewa tungekuwa tunazungumza habari ya shavu zima."

Pale chini ya sikio palichubuka, pakawa peusi, pakachukua muda mrefu kupona kuliko nyuzi zenyewe. Likizo iliisha kidonda bado kibichi, ikabidi aombe nyingine bila malipo. Kovu limebaki, upana wa kidole gumba. Kwingine kote uso umetulia vizuri, mtu asiyejua hajui.

Siku ile waliporudi kutoka kliniki, mama alisimama katikati ya chumba na begi mkononi, hajui aliweke wapi. Kipaza alimpokonya.

"Nenda kitandani, si kwenye kiti. Mimi nakaa hapa, na sigusi kitu. Mikono hii hapa, nyuma."

"Jirani, tulikuficha," mama alisema. "Tuliogopa utasema."

"Na mngeniambia, ningesema," Kipaza alijibu. "Ningesema kwa kila mtu. Lakini ningekuja na maji ya baridi."

Mama alitii. Alikaa ukingoni mwa kitanda, anavua kiatu kimoja.

"Sasa nikiulizwa huko ngazini nijibu nini?" Kipaza aliuliza.

Binti aliegemeza mgongo kwenye mito yake. "Sema ukweli, mama mdogo."

"Ukweli wenyewe mrefu, ngazi nyingi. Nitasema alikwenda kung'oa jino, daktari akakosea akang'oa uzee."

Binti alijiziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakatikisika.

"Usicheke, nyuzi hizo!" mama alisema, amejilaza tayari, kiatu kingine kikiwa bado mguuni.