Plasta ya Ndani

Mutunga alirudi Mutomo kutoka hospitalini akipiga mluzi. Daktari alikuwa amempaka mafuta baridi shingoni, akampima kwa mashine, kisha akamwambia kuta za mishipa yake ya damu zimeanza kunenepa.

"Kuta nene kama za tangi!" alimtambia mkewe, Mbula.

Miaka ishirini alikuwa akijenga matangi ya maji ya mvua, na kwake ukuta mwembamba ulikuwa aibu ya fundi. Eti apunguze chumvi na mafuta, moyo usije ukamsumbua baada ya miaka kumi. Miaka kumi! Tangi lake la kwanza lilikuwa halijavuja hata tone.

Mbula akamwandalia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, na nyama ya mbuzi aliyenona.

"Baba Ndeti, huo unene umeongezeka kwa nje ama kwa ndani?"

"Kwa ndani."

"Na tangi ukilipiga plasta kwa ndani kila mwaka, maji yatakaa wapi?"

Mutunga akachukua kisahani cha chumvi, akainuka, akakirudisha mwenyewe jikoni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu amwoe.