Somo Alilolipia Ildefons

Mume wangu Ildefons aliuza kahawa yetu ya shamba la juu ingali maua ili alipe ada ya kusomea biashara ya opsheni. Mimi sikuulizwa. Wiki sita alitoka Muleba kwenda Rwamishenye na daftari kwapani, akarudi na cheti chenye picha ya fahali, na habari kwamba hiyo ilikuwa ngazi ya kwanza tu. Ngazi ya pili ina ada yake. Nilitamani kumchapa na mwiko.

Jumamosi nikamkuta Kahangwa sebuleni kwangu, yeye na Ildefons, karatasi ya mauziano katikati yao. Kahangwa ni mtu wa butura, hununua kahawa ikiwa bado mtini. Ile ya juu aliinunua yeye; safari hii alitaka ya shamba la chini, ile niliyoipalilia peke yangu Ildefons akiwa darasani, na ndiyo ya kumpeleka binti yetu Klaudia bweni.

"Karibu waitu, mzee wetu," nilisema nimekaza meno. "Baba Klaudia, kabla hujasaini, mweleze mgeni hiyo opsheni ni nini."

Akakaa vizuri. Anapenda kuulizwa.

"Mnunuzi anatoa hela kidogo leo, bei inafungwa. Bei ikipanda, anachukua mali kwa bei ile ile ya zamani. Ikishuka, anaachana nayo, anapoteza ile hela kidogo tu. Muuzaji hana la kufanya."

Kahangwa alicheka mpaka akakohoa. "Waitu mwanangu, si ndiyo hii?" Akagonga karatasi. "Natoa advansi, bei tumefunga. Wakati wa mavuno nikitaka nachukua, nisipotaka basi. Marehemu baba yako nilimfundisha hili miaka ishirini, na sikumtoza ada."

Nikamgeukia mume wangu. "Kwa hiyo hapa wewe ni nani? Mnunuzi au muuzaji?"

Akafungua daftari. Haki ya Mungu, alifungua daftari! Akapekua mbele, akapekua nyuma, akalifunga.

"Mambo ya muuzaji," alisema polepole, "yako ngazi ya pili."

Nikaichana ile karatasi vipande vipande. Kahangwa akavaa kofia yake, akasema hakuna ubaya, kwa ile ya juu tutaonana mwezi wa sita, ikiiva.

Ildefons aliinama kuokota vipande.

"Viache," nilimwambia. "Na hiyo ya juu utaichuma wewe, peke yako, debe kwa debe, umpelekee Kahangwa mlangoni, maana ndiye mwalimu wako."