Usingizi wa Hasna

Watu huoneana wivu kwa magauni na simu. Raya wa Bweri alimwonea binamu yake wivu kwa usingizi.

Binamu huyo, Hasna, aliletwa kutoka Bunda asome shule ya kulipia hapa Musoma, akalazwa kitanda kimoja na Raya. Shule hiyo ilikuwa imesogeza mbele kuanza kwa masomo, hadi saa mbili asubuhi, eti vijana wanahitaji kulala. Shuleni kwa kina Raya wanafunzi walishika namba za kuwahi tangu alfajiri, fagio mkononi, na wa namba za mwisho walichota maji ya bustani. Basi Raya alivaa sketi gizani huku mwenzake akikoroma kama mwenye nyumba. Roho ilimuuma, wala hakuificha: kila akitoka aliubamiza mlango makusudi.

Siku moja alimfuata mama yake, Mwamvita, aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza.

"Mama, unajichosha bure. Mimi naondokaga mapema, sawa. Huyu je? Anayetoka mwisho si ndiye akae jikoni?"

Mama aligeuza maandazi, akafikiri. "Umesema kweli, mwanangu. Na iwe hivyo humu ndani: wa mwisho kutoka ndiye wa maandazi. Nisisikie mtu analalamika."

Kesho yake Raya alimwacha Hasna akipepea mkaa, macho yamevimba. Alikwenda shule akiimba. Hata fagio lilikuwa jepesi.

Raha hiyo haikufika mwezi. Mkuu wa shule ya kina Raya alisimama mstarini akatangaza kuwa kuanzia Jumatatu nao wataingia saa tatu, kwa majaribio. Wanafunzi walishangilia, na Raya alishangilia kuliko wote. Hatimaye na yeye! Alikimbia nyumbani kwenda kumringia Hasna.

Jumatatu, adhana ya alfajiri haijaisha, mkono ulimtikisa bega.

"Raya, amka. Mkaa haujawaka."

"Mama, leo si naingia saa tatu?"

"Ndiyo maana. Hasna anaingia saa mbili. Sasa wa mwisho kutoka ni nani?"

Raya alijifunua shuka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na chake alikichimba mchana kweupe, mama akiwa shahidi. Akashusha miguu sakafuni.

Nyuma yake Hasna aligeukia ukutani, akajivutia shuka lote.

"Dada," alisema kwa sauti ya usingizi, "mlango usiubamize."