Sabuni Mbili kwa Muuza Vyuma

Mabakuli ya Bi Kerezo yalikuwa na aibu moja tu, nayo ilikuwa chini, mahali ambapo mtu mstaarabu hatazami: matundu manne ya skrubu. Hakuwa na njia nyingine. Ili gogo lizunguke kwenye mashine huku patasi ikilimega mpaka liwe duara, sharti lishikwe, na mashine aliyoacha baba yake ilikuwa na sahani ya chuma tu. Unafunga gogo kwa skrubu nne, unakereza, ukimaliza unafungua, matundu yanabaki. Aliyaziba kwa vijiti na gundi, akapiga msasa mpaka kidole kikipita hakisikii kitu. Lakini macho yaliona. Mama mmoja mwenye duka la vyombo alilipindua bakuli, akalikagua kitako kama anayetafuta chawa, akasema hajapata kuuza chombo kilichotiwa kiraka kabla ya kutumika.

Ikabidi yeye na wifi yake wanunue kile kishikio cha chuma chenye meno manne ambacho mafundi hukiita chaki. Kinaingia kwenye shafti ya mashine, unazungusha ufunguo wake, meno yanabana kitako cha mbao, na mambo ya skrubu yanakwisha. Wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, aliposikia jina hilo mara ya kwanza aliuliza kama sasa wanafungua shule. Bi Kerezo alicheka mpaka akazima mashine, maana mtu hacheki na patasi mkononi.

Miaka kumi na moja walikuwa pamoja katika chumba kile chenye dirisha moja. Bi Kerezo akikereza, wifi yake kwenye kigoda pembeni akipiga msasa, akipaka mafuta na kusema na wateja. Wifi alikuwa na ulimi wa asali. Wa Bi Kerezo, mwenyewe alikiri, ulikuwa wa kupigilia misumari. Wageni wakiwaona wamejaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi walidhani ni watoto wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiwasahihisha.

Kuichagua chaki yenyewe kulichukua wiki tatu. Wifi alileta kutoka kwa muuza vyuma karatasi yenye picha, na kila mchana wakipumzika waliitandaza juu ya gunia la maranda. Bi Kerezo alitaka ndogo. Alisema mashine yao ina kifua cha mzee, ukiitwisha chuma kizito itaanza kukohoa, na siku moja itakohoa isinyamaze. Tena mabakuli yao si makubwa hivyo, ya nini meno ya mamba kwa kutafuna maharage? Wifi alikubali, akacheka, na kesho yake kidole chake kilirudi palepale kwenye picha ya ile kubwa.

"Tufikirie mbele, wifi," alikuwa akisema. "Tusinunue cha leo tu."

Neno hilo lilimpendeza Bi Kerezo kuliko alivyoonyesha. Yeye hakuzaa, na umri ulikuwa umemfikia wa kuambiwa mambo ya nyuma kuliko ya mbele. Hata hivyo hakulegea. Wakapatana: ndogo.

Sasa, shafti ya kila mashine ina mistari yake ya kuzungukia, kama ile ya nati, na chaki isiyolingana na mistari hiyo haipandi hata uisomee dua. Bi Kerezo alipima kama baba yake alivyokuwa akipima. Alikata kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya kahawia, akakipasha joto kiganjani, akakikandamiza kwenye shafti mpaka mistari yote ikajichora, akakifunga kitambaani na kumkabidhi wifi yake. Angekwenda mwenyewe, ila siku hiyo alikuwa na miadi hospitali. Jicho la kulia lilikuwa limeingiwa na kichembe cha mbao, usiku na mchana likitoa machozi.

Hospitali hakukawia. Walimtoa kile kichembe, wakamfunga pamba na bandeji, na kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi. Wifi hakuwapo, mlango ulikuwa umeegeshwa. Juu ya kigoda palikuwa na kikapu, na ndani yake, chini ya nguo iliyokunjwa vizuri, furushi zito. Bi Kerezo hakuwa mtu wa kupekua vikapu vya watu. Lakini alijua ni nini, na furaha haina adabu. Akalifungua.

Ilikuwa ile kubwa. Aliibeba kwa mikono miwili hadi kwenye mashine, akaiweka mdomoni mwa shafti, akazungusha. Ikacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto, haikushika popote. Akafuta shafti, akajaribu tena. Akafikiri labda ni jicho moja linamdanganya, akapapasa kwa kidole. Kidole nacho kikasema vilevile.

Wifi aliingia na ndoo ya maji, akasimama. Aliitua ndoo kwa kishindo, maji yakamwagika juu ya maranda. Alisema muuza vyuma hakuwa na ndogo, alisema yule baba siku hizi haoni vizuri, alisema atairudisha kesho mwenyewe, wala dada asijisumbue na jicho hilo. Aliyasema yote kwa pumzi moja. Baadaye ndipo Bi Kerezo alipokumbuka kwamba mwanamke yule, ambaye angemtania hata maiti, hakuitania ile bandeji.

Asubuhi, kabla wifi hajafika, Bi Kerezo alikata kipande kingine cha sabuni, akapima upya, akatia chaki kwenye mfuko na kuutwika kichwani mpaka kwa muuza vyuma. Watu humwita Bwana Nati. Duka lake limejaa hata yeye mwenyewe huingia ubavu ubavu. Alimkaribisha, akampa pole ya jicho, akapokea sabuni na kuigeuza geuza kwenye mwanga.

"Mama, hii siyo niliyopimia," alisema.

"Ni hiyo. Nimeikata leo, lakini shafti ni ileile."

Bwana Nati aliinama chini ya meza, akatoa kipande cha sabuni ya kuogea, ya waridi. Mistari yake ilikuwa minene, imeachana, ya shafti nene mara moja na nusu kuliko ile ya baba yake. "Nilipimia hii hapa. Kaleta yule dada yako wa maneno matamu."

Bi Kerezo aliinusa. Hakukusudia, ilimfikia tu. Watoto wa mdogo wake wakija kumwamkia, shingo zao hunukia hivyo hivyo.

Akauliza ile ya kahawia iko wapi. Bwana Nati alijikuna kisogo. Alisema yule dada alimpa zote mbili, kisha dada huyohuyo akaifikiria ile ya kahawia, akamwambia aiache, hiyo ni ya mashine kuukuu inayouzwa. "Sasa nikufiche nini, mama. Nimeinawia mikono." Akacheka, halafu akauona uso wake, akaacha. "Kwani wewe hukuambiwa?"

Bi Kerezo aliuliza kama chaki ndogo zipo.

"Ndogo? Zipo tele. Zimekaa hapa mpaka zinaniita baba."

Walibadilishana. Njiani aliibeba chaki mpya kifuani, si kichwani, na mara mbili alisimama kando ya barabara kama aliyesahau nyumba.

Alimkuta wifi yake kigodani na msasa. Hawakuamkiana. Bi Kerezo aliipeleka chaki kwenye shafti na kuizungusha. Ikaenda mstari kwa mstari, taratibu, mpaka ikagota mwisho na kutulia.

"Imeingia," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Imeingia. Ile nyingine ilikuwa iingie wapi?"

Msasa ukasimama. Yakatoka, kidogo kidogo, kama maji ya bomba bovu. Mume wake alikuwa amepata chumba kwenye barabara kubwa. Mashine mpya, kubwa, ilikuwa imeshafungwa tangu miezi miwili iliyopita, na kijana wa kukereza ameshapatikana. Ya baba ilikuwa na mnunuzi, angekuja Ijumaa. Mume wake alisema mashine baba aliwaachia wote wawili, na mtoto wa kiume naye ana kauli yake.

Miezi miwili. Bi Kerezo alirudi nayo nyuma kichwani. Ndipo alipokuwa na homa, na mwanamke huyuhuyu akimletea chai kitandani na kumkanda miguu.

"Tulitaka upumzike, wifi," alisema yule mwingine, machozi yakimlenga, na huenda yalikuwa ya kweli. "Macho yako yanakuua. Tulisema tukishamaliza tutakuambia."

"Wiki tatu unaniambia tufikirie mbele. Katika hiyo 'tu' nilidhani nimo."

Wifi alitazama msasa mikononi mwake. Akauweka chini, akachukua kikapu, akatoka bila kuaga.

Ijumaa Bi Kerezo alifika alfajiri. Mnunuzi alipokuja, mwanamume wa viatu safi na futi ya kupimia, alikuta mashine inanguruma, bakuli linazunguka kwenye meno ya chaki, maranda yanaruka. Mdogo wake alikuwa nyuma ya mgeni. Mnunuzi alitazama, kisha akageuka na kuuliza si aliambiwa fundi wa mashine hii alishaacha kazi. Mdogo wake alisema dada anapitisha muda tu.

"Bwana, mimi nimekuja kununua chuma," mnunuzi alisema. "Ugomvi wa ndugu siununui." Akaikunja futi yake, akaenda.

Mdogo wake akabaki mlangoni. Mtoto aliyebebwa mgongoni na Bi Kerezo wakati mama yao alipokuwa hajiwezi, aliyefundishwa naye hata kufunga kamba za viatu, na ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile zaidi ya kuegemea.

"Shikamoo, dada," alisema.

Maisha yake yote alikuwa akijibiwa kabla hajafika mwisho wa neno. Bi Kerezo alisikia. Mashine haikuwa na kelele kiasi hicho. Aliisogeza patasi kwenye ukingo wa bakuli, akaushusha kidogo, akapuliza vumbi.

"Dada. Shikamoo."

Alisimama pale mpaka maranda yakamfunika viatu, akingoja marahaba yake. Kisha akaondoka, na Bi Kerezo akaendelea kukereza ukingo uliokuwa umekwisha kunyooka zamani.