Usiku wa Ijumaa ni Upi?

Radhiya hakwenda Mkokotoni kusuluhisha. Alikwenda kulipiza, na hakuona haya kumwambia hivyo hata mama yake pale Malindi.

Mwezi uliopita samaki wa wachuuzi walioza ndani ya chumba cha baridi cha Mkokotoni. Kabla harufu haijaisha, Haitham, mkubwa wake wa kazi, aliwatumia wote ujumbe: "Hitilafu ni ya Radhiya. Tumemwachisha." Tangu hapo jina lake likawa mchezo sokoni. Ndoo ikipasuka, watu husema imeradhiyika.

Chumba kile kiliendeshwa na kijisanduku cha kompyuta ya Linux kilichobandikwa ukutani, ambacho pia kiliwapelekea wachuuzi habari kwenye simu. Programu yake aliiandika Radhiya, na kwenye kompyuta yake ilikwenda sawasawa. Basi iliyomo sandukuni si yake, mtu kaigusa. Dawa ni kutia dibaga humo humo ndani, programu ya kuisimamisha programu nyingine katikati ya kazi na kuihoji.

Bi Mashavu, kiongozi wa wachuuzi, alimfungulia shingo upande.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba. Ukiharibu tena, ntakutoa kwa mwiko."

Dibaga iligoma. Kwanza ilikuwa kubwa, haikuenea. Alipoipunguza, ikalilia mafaili mengine ambayo sanduku halikuwa nayo. Radhiya akaijenga upya kwa prosesa ya sanduku lile, kila inachohitaji akakifungasha ndani yake, kama mtu anayekwenda shamba lisilo duka. Safari hii ikakubali. Akacheka peke yake, kicheko kibaya.

Akaisogeza saa ya sanduku mpaka Ijumaa, jua linazama, saa ile ile iliyowaozesha samaki. Mashine ya baridi ikazima. Dibaga ikaikamata programu papo hapo, ikaonyesha mstari uliotoa amri na faili ulikotoka: /home/haitham/usiku_wa_ijumaa.c. Mwizi kaacha kofia yake dirishani!

Wachuuzi walikuwa wametaka mashine ipumzike usiku wa Ijumaa, kwa kuwa wavuvi hawaendi baharini na chumba huwa kitupu. Radhiya aliandika vivyo hivyo. Haitham akadhani msichana kakosea siku, akamsahihisha kimyakimya.

Radhiya akampigia simu. "Njoo, nshaliona kosa."

Haitham alifika mbio, shati limepigwa pasi, amekuja kushuhudia mtu akiomba radhi. Wachuuzi walishajaa.

"Haitham," Radhiya alimuuliza, "usiku wa Ijumaa ni upi?"

"Swali gani hilo? Ijumaa, jua likishazama."

Bi Mashavu alipiga makofi. "We hukusoma Kurani chuoni? Usiku hutangulia mchana! Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi ikishaingia Magharibi, kama leo. Ijumaa jioni ndo tunajaza chumba kwa soko la Jumamosi!"

Radhiya akaigeuza kompyuta, kila mtu akalisoma jina kwenye lile faili. Haitham akamsogelea, akamnong'oneza. "Dada yangu, nisitiri. Tutayamaliza mjini."

"Mimi ulinisitiri?"

Hakungoja jibu. Aliurudisha mstari wake wa zamani, akaongeza mmoja, akairudisha saa ya sanduku mahali pake. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na hakuionea aibu hata kidogo.

Adhana ya Magharibi ilipoanza, mashine ikazima yenyewe, na simu zote zikalia kwa pamoja, ya Haitham nayo imo: "Usiku wa Ijumaa umeingia. Samaki waliooza hawakuozeshwa na Radhiya. Mwenye shaka amuulize Haitham."

"Itatuma kila Alhamisi?" aliuliza Bi Mashavu.

"Kila Alhamisi."

Haitham aligeuka kuondoka, akajikwaa kwenye ndoo, ikapasuka. Bi Mashavu aliitazama, akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema. "Imehaithamika."