Jicho la Buibui, Mkono wa Eliakim

...usipumue, ni pumzi yangu inayotikisa jani, si upepo, Kitale leo haina upepo, na buibui mwenyewe ametulia ukingoni mwa jani la sukuma wiki, mdogo kama punje ya wimbi, macho yake mawili makubwa yanameta ndani ya lenzi, na mimi nimelala kifudifudi kwenye udongo uliolowa, simu mfukoni imebanwa kati ya paja na ardhi, imetetemeka... ni Hiram, nani mwingine, alisema akifika mochari ya Bungoma ataonyeshwa yule mtu waliyemtoa mtoni, anitumie picha, maana yeye ni mtoto wa mjomba tu, hawezi kuapa kwamba huyu ni Eliakim, mimi ndiye dada, mimi nilimbeba mgongoni... sogea kidogo, hapo, lenzi hii ukiyumba upana wa unywele macho yanapotea unabaki na miguu, Eliakim alikuwa anasimama hapo kwenye ua akinicheka, ati dada, watu wote hawa na wewe unapiga picha buibui, buibui atakushukuru? halafu jioni anakuja kuangalia picha kwenye kompyuta, anaikuza mpaka nywele za miguu zinaonekana moja moja, anasema kumbe ana uso, bana... na sasa kuna uso mfukoni mwangu, nao nikiukuza... Hiram alinipigia akiwa njiani, sauti yake chini, akaniambia wale waliomtoa wamesema maji yamemharibu, kisha akasema, "Dada, angalia mkono wa kushoto. Uso hautakusaidia," mkono wa kushoto, kidole cha mwisho, kile kilicholiwa ncha na mashine ya kupukuchua mahindi kule Tongaren, akarudi nyumbani na kitambaa chenye damu anacheka ati amewaachia watu wa Tongaren kumbukumbu, na mavuno yaliyofuata akaenda tena huko huko, tukamsindikiza hadi stendi, simu yake ikaita siku chache, kisha ikazimwa, polisi wakasema vijana huondoka na kurudi, tumsubiri... buibui ameinua mguu mmoja, sasa, bonyeza, sibonyezi, kidole kimekufa juu ya kitufe, na Mama mlangoni pa jikoni anachagua maharagwe, nasikia mawe yakianguka kwenye sinia, anauliza kitu, Hiram nini, Mama? anarudia, Hiram amefika Misikhu? bado, nasema, bado hajapiga, kwa sababu mimi ndiye niliyemdanganya Mama kwamba Hiram anakwenda soko la Misikhu kuulizia wafanyabiashara kama wamemwona Eliakim, na Mama akaamka akachemsha viazi vitamu, akamfungia vyake Hiram, akafunga na vingine kando, akasema akimpata Eliakim, atakuwa na njaa, na Hiram akavipokea kwa mikono miwili bila kunitazama, viko wapi sasa vile viazi, yuko navyo pale mlangoni mwa mochari?... kila jioni Mama anamtengea Eliakim sahani, anaifunika, asubuhi ugali umekauka anawapa kuku, kesho anatenga tena, na mimi naosha ile sahani, naiosha kila siku kama mtu amekula... simu tena, imetetemeka kidogo ikanyamaza, nikiitoa nitaona, kidole kizima au kidole kilichokatika, kikiwa kizima ni mtoto wa mtu mwingine, mama mwingine ndiye atakayelia, na sisi tunarudi kwenye sahani, mochari nyingine, mto mwingine, Hiram mwingine akifungiwa viazi... na hapa ndipo inaponijia, polepole, tumbo langu juu ya udongo, kitu nisichowahi kukiruhusu kinipite hata kanisani nikiwa nimefumba macho, kwamba nataka awe yeye, Mungu wangu, nataka kidole kiwe kimekatika, nataka awe yule aliyelala Bungoma, aoshwe, avalishwe, aletwe hapa, Mama alie mpaka amalize, alale usingizi, nataka ndugu yangu awe maiti, na nimelisema, na mbingu haikuanguka, buibui yupo tu, jani lipo, sikuipiga hiyo picha na sitaipiga... na ile ya mfukoni pia sitaifungua hapa kwenye matope kama mdudu, nitakwenda Bungoma mwenyewe, nimshike ule mkono niujue kwa mkono wangu, lakini kwanza niinuke, nimweleze Mama viazi vilikokwenda, niinuke, bado sijainuka.

"Edah," Mama ananiita, "mbona hupigi hiyo picha?"

"Nakuja, Mama," nasema, na bado nimelala palepale, lakini ndani yangu nimeshaanza kumzika.