Bomba Nene la Mzee Chege

Hakuna mtu Kawangware nzima aliyejua mabomba kama Mzee Naftaly Chege, na laiti asingeyajua, fundi Oyoo angekuwa na raha. Mzee alikuwa na ploti tatu, vyumba ishirini vya kupangisha na kioski cha maji, na vyote hivyo vilitokana na bomba. Mwaka mmoja baada ya uhuru, majirani zake walivuta maji kwa vibomba vyembamba ili kubana matumizi. Yeye akauza ng'ombe akavuta bomba nene. Kiangazi kilipokuja, vya wenzake vilidondosha matone na lake likamwaga. Tangu siku hiyo alikuwa na imani mbili tu, kanisa na bomba nene, na zote mbili alizihubiri. Aisifuye mvua imemnyea.

Sasa ilikuwa mwaka 1979, siku ya Alhamisi, na mzee alikuwa amesimama kwenye gereji ya Oyoo akiwa na bomba la mpira la kumwagilia shamba, amelizungusha shingoni.

"Hili hapa," akasema. "Hili ndilo litapeleka petroli."

Oyoo alitoka chini ya gari akalitazama. Kidole gumba chake kingeingia humo ndani na kupata nafasi ya kucheza.

Tuseme ukweli, gereji yenyewe ilikuwa pembe moja ya ploti ya mzee, mjakaranda mmoja, mawe manne ya kuinulia magari na sanduku la spana. Oyoo alikuja hapo kila asubuhi kwa miguu kutoka Kambi Muru, mwaka wa sita sasa, na malipo yake ya kukaa pale yalikuwa kuitengeneza pikapu ya mzee, Austin kuukuu kuliko uhuru. Injini yake ilikuwa imekata roho kabisa. Mzee akanunua injini ya Peugeot iliyotoka kwenye gari la ajali, na kwa wiki tatu Oyoo alikata, akachoma, akatoboa, hadi ile injini kubwa ikakubali kukaa ndani ya kile kigari. Kilichobaki ni bomba la petroli tu, kutoka tangi lililo nyuma hadi pampu iliyo mbele.

"Mzee, hii ya zamani bado iko poa," Oyoo alisema, akionyesha kile kibomba chembamba kilichotoka kiwandani na gari. "Haijatoboka. Tunaiunga tu, kazi kwisha."

"Injini kubwa inywe na mrija wa mtoto? Aca! Wewe Oyoo, mimi nimelaza mabomba ukiwa bado unachunga mbuzi huko Nyanza."

Haikuwa mzaha. Jumamosi mzee alikuwa anapeleka ruracio, mahari ya msichana Wamucii aliyechumbiwa na mwanawe Ishmael, na kwa wakwe kulikuwa juu ya mlima huko nyuma ya Limuru. Safari ya kwanza ile pikapu ilizimikia katikati ya mlima, na wakwe wakateremka na punda wawili kuja kuivuta. Punda wale walimfikisha Mzee Chege hadi mlangoni, yeye akiwa ameshika usukani na kofia kichwani, na wanawake wa upande ule wakatunga wimbo papo hapo. Wimbo huo ulikuwa umeshafika Kawangware kabla yake.

"Ikipanda Jumamosi, utakaa hapa mpaka uzeeke," mzee akasema, na watu wa foleni ya maji wote wakasikia. "Isipopanda, Jumatatu nachimba msingi. Vyumba vinne vitaenea hapa. Na mtu akitoa bomba langu, nachimba Ijumaa."

Oyoo aliumia moyoni. Pembe ile ndiyo iliyomlisha mkewe Akeyo na watoto watatu. Lakini alikuwa fundi, na fundi akiguswa kwenye ufundi wake husahau tumbo. Alikwenda kwenye kioski, ambako Wamuyu, mke wa mzee, aliuza maji na uji, akaomba ndoo moja ya uji. Akaiweka chini. Kando yake akaweka pipa.

"Panda hapo juu, mzee. Tangi liko chini, injini iko juu. Wewe ndiye injini. Vuta na bomba lako."

Mzee Chege hakuwa mtu wa kukimbia. Alipanda pipa, akatumbukiza ncha moja ya lile bomba ndani ya uji, akaweka nyingine mdomoni, akavuta. Akavuta tena. Mishipa ya shingo ikasimama. Foleni ya maji ikaacha kuwa foleni ikawa duara.

"Vuta, mzee!" mmoja wao akapiga kelele. "Uji umefika magotini!"

Hewa ndiyo aliyokuwa akiinywa, futi tisa za hewa. Aliposhusha pumzi, uji wote uliokuwa umepanda ukateremka. Oyoo alicheka hadi akajishika kiuno, na hilo lilikuwa kosa.

"Basi sasa ni zamu yako," Wamuyu akamwambia. Alikuwa mama mfupi, asiyepandisha sauti hata siku moja. "Kunywa na hicho kibomba chako. Lakini injini ni kubwa, fundi, haionji. Maliza magi hii ya uji kabla sijamaliza kumpimia huyu maji."

Oyoo akapanda. Uji ulifika mdomoni mara moja, tamu, na akamkonyeza mzee. Kisha akaendelea kuvuta. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje, na kilichokuja kilikuwa kijiko, halafu kijiko. Wamuyu alijaza debe moja, akajaza la pili, na magi ilikuwa bado nusu. Mzee Chege alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaondoka akijifuta, akipiga kelele kwamba bomba lake liwekwe.

Wote wawili walikuwa wameona kasoro ya bomba lake, na hakuna aliyekubali kuwa ameona. Wanaume!

Oyoo aliliweka. Ijumaa asubuhi mzee alipokwenda kuchagua mbuzi, Oyoo akamimina kikombe cha petroli kwenye kabureta juu ya injini, akawasha. Injini ikanguruma vizuri muda wa kile kikombe, ikanyamaza. Pampu ilivuta na kuvuta, ikapata ilichopata mzee juu ya pipa.

"Nilijua," akasema kwa furaha, akarudisha kibomba chake chembamba. Ikawaka, ikatulia. Akaimba.

"Twende mtoni na turudi," Wamuyu akasema nyuma yake. Alikuwa ameshapakia madebe kumi ya maji. "Kwenye tambarare hata toroli huenda."

Waliteremka mtoni bila shida. Kupanda, katikati ya mlima, injini ikakohoa, ikatetemeka, ikakata. Akawasha, ikaenda hatua tano, ikakata. Kila ilipotaka nguvu, ilipewa kijiko. Watu waliisukuma hadi juu, na mmoja wao akaanza ule wimbo wa punda.

Oyoo aliegemea usukani. Aliona haya, tena haya ya kweli. Hakung'ang'ania kile kibomba kwa sababu ya ujuzi. Alikuwa mvivu wa kuteremsha tangi, na alitaka kumshinda mzee.

"Mama Ishmael," akasema, "hata mimi nilikosea."

"Najua. Jana nilikuona ukinywa. Kwa hivyo ni ya kati."

"Ya kati itoke wapi? Madukani nimetafuta. Ama ni nyembamba, ama ni ya maji."

Wamuyu alifunga kitambaa chake vizuri. "Twende Lindi."

Huko Lindi, Kibera, kulikuwa na mama aitwaye Seline, aliyekuwa ameacha biashara fulani baada ya kuokoka. Biashara yenyewe ilihitaji mtungi, moto, na bomba refu la shaba la kupoza mvuke hadi uwe kitu ambacho polisi hukitafuta. Mtungi alikuwa ameuvunja mbele ya mchungaji. Bomba alishindwa kulitupa. Lilikuwa zuri mno. Alilitoa chini ya kitanda limejikunja mizunguko mizunguko. Oyoo alichungulia tundu lake, akalipima na kibomba chembamba, akalipima na kidole, akasikia raha ikimpanda.

"Yawa! Ndiyo hii hasa."

Hakumuuliza Wamuyu, mwekahazina wa kina mama wa kanisa, alijuaje nyumba ile.

Wakalinyoosha, wakaliosha kwa petroli, na kabla jua halijazama lilikuwa limelazwa kando ya fremu, ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Wakarudi mtoni na madebe yale yale. Pikapu ilipanda mlima bila kukohoa. Oyoo alitaka kulia.

"Na bomba la mzee?" akauliza. "Alisema akikuta limetolewa, anachimba."

"Nani amesema tulitoe?"

Kwa hiyo bomba nene lilibaki mahali pake, limefungwa kwa waya kutoka nyuma hadi mbele, halikutoka kwenye chochote wala halikuingia kwenye chochote. Jioni mzee alikuja, akainama, akalipapasa, akaridhika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Oyoo ilikuwa na urefu wa futi tisa.

Jumamosi pikapu ilibeba mbuzi sita, kreti za soda na blanketi, na mbele mzee, Wamuyu na Oyoo, ikapanda mlima wa wakwe. Punda wale wawili walisimama kando ya njia, wameshatayarishwa. Pikapu ikawapita. Mzee Chege aliwavulia kofia.

Angeishia hapo mambo yangekuwa sawa. Lakini alipofika uani aliiacha injini ikinguruma, akafungua boneti, akawaita wakwe wote.

"Mnasikia? Siri ni bomba. Mafundi hawajui. Bomba nene ndilo bomba!"

Baba Wamucii alikuwa mtu wa kugusagusa vitu. Aliinama, akaligonga bomba, akalivuta kidogo apime unene wake. Waya ukaachia. Bomba lote likamfuata, futi tisa, akabaki amelishika mkononi. Kutoka ndani yake likadondoka jani la mjakaranda na mende mmoja aliyekuwa hajui amefika Limuru.

Injini ikaendelea kunguruma.

Oyoo aliiona gereji yake ikigeuka vyumba vinne, na Akeyo akiuliza watakula nini. Wamuyu alikuwa anahesabu mbuzi, ambao idadi yao aliijua. Mzee Chege alitazama bomba, akatazama injini, akamtazama fundi wake, akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Hiyo," akasema, "ni spea."

"Ngai!" Baba Wamucii akaguna kwa heshima. "Hawa watu wana spea hata ya bomba!" Na mahari ikapokelewa vizuri sana.

Kurudi, walipofika Dagoretti, watatu walikuwa bado wamebanana mbele.

"Lile la kweli lina unene gani?" mzee akauliza.

"La kati, mzee."

"Nani aliamua?"

Oyoo alikuwa na jibu tayari, lenye jina lake. Akaliacha. "Mama Ishmael."

"Limetoka kwa nani?"

"Kwa mtu aliyeokoka," Wamuyu akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatatu asubuhi Oyoo alimkuta mzee kwenye pembe yake, ameshika jembe, anachimba. Mtaro ulikuwa umeshafika karibu na mjakaranda. Oyoo alipiga magoti akaanza kupanga spana ndani ya sanduku, kubwa chini, ndogo juu.

"Unaenda wapi?" mzee akasema bila kuinua kichwa. "Leta mikono hapa. Mimi si kijana."

Ndipo Oyoo alipoona kwamba mtaro ulitokea kwenye kioski, na ulikuwa mwembamba mno kuwa msingi wa nyumba. Wakalilaza lile bomba nene la mpira ndani yake, wakaliunga na vipande vingine vya mpira, wakalifukia. Miaka sita Oyoo alikuwa akichota maji ya kuoshea mikono kwa mkebe.

Mzee alipaaza sauti kwa Wamuyu afungue. Maji yakatoka chini ya mjakaranda kwa nguvu, yakamlowesha Oyoo suruali hadi magotini.

"Umeona?" Mzee Chege akasema. "Bomba nene ndilo bomba."

Oyoo alisema ni kweli, mzee, na safari hii hakudanganya.